Ipe diski ya muziki herufi ya kudumu

Kwa mnaoweka nyimbo kwenye diski ya nje na kutumia Windows: iTunes ikianza kuweka alama ya mshangao pembeni ya nyimbo, usikimbilie kuziingiza upya, utajaza nyimbo mbilimbili na orodha zako zitabaki na mapengo. Nyimbo zipo, mara nyingi kilichobadilika ni herufi tu ambayo Windows huipa diski. Programu hukumbuka anwani nzima ya faili, mfano E:\Taarab, na Windows ikikuta E imeshachukuliwa na flashi, diski yako inapewa F. Chomoa flashi, bofya kulia kitufe cha Start, fungua Disk Management, bofya kulia diski yako, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha "Change". Kama tayari una maktaba ya nyimbo kwenye iTunes, irudishie diski herufi yake ileile ya zamani. Kama ndiyo unaanza, chukua ya mbali kama M (mimi nasoma M ya muziki), flashi hazifiki huko kirahisi. Windows itaikumbuka hata ukichomoa. Haisaidii ukifomati diski au ukibadili majina ya mafolda, na kwenye kompyuta nyingine lazima uiweke tena. Mac haina herufi hizi. Huko usibadilishe jina la diski.