Kuigawa kashe ya prosesa ili kadi ya mtandao na hifadhidata zisigombane

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye seva moja inayobeba kazi mbili nzito: kupitisha intaneti ya wateja na kutunza hifadhidata yao. Wengi wetu huku Nyanda za Juu Kusini ndivyo tulivyo. Seva ninayoitunza hapa Mbeya inahudumia hosteli za wanafunzi Iyunga na maduka ya Mwanjelwa, na mashine hiyohiyo ndiyo inayokagua vocha kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Ikifika saa mbili usiku wanafunzi wote wameingia mtandaoni. CPU inaonyesha bado ina nafasi, lakini mteja aliyekwisha lipia vocha anatazama ukurasa unaozunguka tu. Mtu ametoa hela yake, apate huduma yake hapohapo. Kwangu hilo si jambo dogo.

Kinachogombaniwa ni kashe ya L3, yaani ile kumbukumbu ndogo ya kasi ndani ya prosesa inayotumiwa kwa pamoja na kori zake zote. Tangu Xeon E5 za mwaka 2012, prosesa za Intel za seva zina kitu kinaitwa DDIO: pakiti inayoingia kupitia kadi ya mtandao inaandikwa moja kwa moja kwenye L3, haipiti kwanza RAM. Kashe hiyo imegawanywa mafungu sawa, nayaita safu (kwa Kiingereza "ways"), na kwa kawaida kadi hupewa safu mbili tu za kuwekea data mpya. Mfano wangu ni Xeon Gold 6130: L3 yake ni MB 22 iliyogawanyika safu 11, yaani MB 2 kila safu. Kadi ina MB 4. Programu nazo zinaruhusiwa kutumia safu zote 11, zikiwemo hizo mbili, na hapo ndipo zinaposukumana.

Anza na foleni za kadi, yaani pale pakiti zinapongoja kusomwa, kabla ya kugusa kitu kingine (`ens2f0` ni jina la kadi yangu, weka la kwako). Wengi wanaruka hatua hii, na mimi naona ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

`ethtool -g ens2f0`
`ethtool -l ens2f0`

Amri ya kwanza inakupa urefu wa foleni, ya pili idadi yake. Piga hesabu: ukiwa na foleni 4 za kupokea, kila moja nafasi 4096, na bafa (sehemu ya kuwekea pakiti) ya KB 2 kwa kila nafasi, hiyo ni MB 32. Kadi inazunguka MB 32 ndani ya MB 4! Pakiti zinafukuzwa kwenda RAM kabla prosesa haijazisoma, kisha zinarudishwa tena, na kasi yote ya DDIO imepotea njiani. Foleni 4 za nafasi 512 ni MB 4 kamili. Shuka taratibu, 2048, kisha 1024, na kila hatua uangalie kama pakiti zinadondoka:

`ethtool -G ens2f0 rx 1024`
`ethtool -S ens2f0 | grep -iE 'miss|drop'`

Namba zikianza kupanda saa za msongamano, rudi hatua moja juu. Kubadilisha foleni kunaweza kuikata laini kidogo, kwa hiyo fanya alfajiri.

Sasa ugawaji wenyewe. Kerneli ya Linux ina resctrl, chombo cha kugawa kashe kwa makundi ya programu, tangu toleo la 4.10, la 2017. Hakikisha `/proc/cpuinfo` ina neno `cat_l3`, kisha:

`mount -t resctrl resctrl /sys/fs/resctrl`
`cd /sys/fs/resctrl`
`cat info/L3/cbm_mask info/L3/shareable_bits`

Kwangu inatoka `7ff` na `600`. Ni namba za heksadesimali ambazo kila biti yake ni safu moja: ya kwanza ni safu zote 11, ya pili ni zile mbili za juu zinazotumiwa na vifaa kama kadi. Ziondoe programu humo:

`mkdir vocha`
`echo "L3:0=00f" > vocha/schemata`
`echo "L3:0=1f0" > schemata`
`for p in $(pgrep -x postgres); do echo $p > vocha/tasks; done`

Hifadhidata imepata MB 8, kazi nyingine zote MB 10, na MB 4 za kadi haziguswi na data mpya ya programu. Mstari wa tatu usiusahau, maana kundi la msingi (lenye kazi zote zisizo kwenye `vocha`) likibaki na `7ff` hujalinda chochote. Biti lazima zifuatane. `505` itakataliwa, na sababu utaisoma kwenye `info/last_cmd_status`. Kama mashine ina prosesa mbili, tazama kwanza `/sys/class/net/ens2f0/device/numa_node`. Kadi iliyochomekwa upande wa 1 inahusu kashe ya upande huo, siyo ya 0.

Usitegemee mabadiliko ya papo hapo. Data iliyokwisha kaa ndani ya kashe haifukuzwi. Mipaka inahusu data mpya tu. Subiri kidogo, kisha usome `vocha/mon_data/mon_L3_00/llc_occupancy`, na ulinganishe `perf stat -a -e LLC-load-misses sleep 60` ya jana saa mbili usiku na ya leo saa hiyohiyo. Kupima saa nne asubuhi hakukuambii kitu.

Wapo wanaoongeza safu za kadi kwa kuandika kwenye rejista ya prosesa yenyewe. Mimi siwashauri kufanya hivyo kwenye seva inayoshika hela za watu. Baadhi ya prosesa mpya za AMD, zikiwa na kerneli mpya, zina njia safi zaidi: faili la `info/L3/io_alloc`. Likisema `disabled`, unaandika 1, kisha unachagua safu mwenyewe:

`echo 1 > info/L3/io_alloc`
`echo "0=f" > info/L3/io_alloc_cbm`

Amri ya kwanza ikigoma, huenda makundi yako yamemaliza namba zote za makundi ambazo prosesa inazo, ikiwemo ile kerneli inayoihitaji kwa ajili ya vifaa. Futa kwa `rmdir` kundi lililoshika namba hiyo ujaribu tena.

Yote haya yanafutika mashine ikizima, na huku umeme hukatika bila taarifa. Ziweke amri zako kwenye huduma ya systemd inayoanza kabla ya PostgreSQL, ikiandika namba ya shell yake ndani ya `vocha/tasks` na kuiwasha hifadhidata kutokea humo, au izirudie zile za `pgrep` baada ya hifadhidata kuamka. Kisha iwashe upya seva ukiwa umekaa mbele yake, na usome `cat /sys/fs/resctrl/vocha/tasks` kabla hujaondoka.