Jinsi ya kutafuta ukoo wa mwanamke wa Meksiko wa karne ya 20

Iwe ni bibi yake mumeo au unamfuatilia tu mtu maarufu kama mchoraji Frida Kahlo, usianze na stori za watu, anza na cheti cha kuzaliwa, kule kinaitwa acta de nacimiento. Frida mwenyewe alikuwa anasema kazaliwa 1910, mwaka wa Mapinduzi ya Meksiko, cheti kinasema 1907. Na baba yake, Guillermo, miaka mingi ilisemwa asili yake ni Wayahudi wa Hungaria, watafiti walivyoingia kwenye rekodi za Ujerumani wakakuta ni ukoo wa Walutheri wa hukohuko.

Kwanza andika majina yake yote. Kwenye majina Meksiko inakurahisishia sana kazi, kwa sababu mwanamke akiolewa kisheria habadili jina, anabaki na la ukoo wa baba halafu la ukoo wa mama mpaka anazikwa, ndo maana Frida ni Kahlo y Calderón, Calderón ni kwa mama yake Matilde. Ukiona "de" kabla ya jina la mwisho huenda hilo ni la mume, hilo usilitafute (ila de la Cruz na mengine ya hivyo ni ya ukoo kabisa). Weka na mwaka, mji na jimbo, bila jimbo utazunguka tu.

Halafu ingia gob.mx/actas, tovuti ya serikali ya kuagiza vyeti. Wanaomba CURP, namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 18, lakini zilianza 1996 so kama alifariki kabla ya hapo chagua kutafuta kwa majina na tarehe ya kuzaliwa. Unalipa kwa kadi au benki, bei inategemea jimbo, unapakua PDF.

Sasa sikiliza, hiyo PDF ni muhtasari, inakupa wazazi basi. Unachokitaka wewe ni ukurasa wenyewe wa kitabu, kwa hiyo omba Registro Civil (ofisi ya usajili wa vizazi, ndoa na vifo) ya jimbo lake wakupe copia fiel del libro, yaani nakala halisi ya ukurasa wa kitabu, au fungua akaunti ya bure FamilySearch, tovuti ya kutafuta koo, upekue picha za vitabu. Usipompata kwa kutafuta jina usikate tamaa, vitabu vingi havijaingizwa majina, fungua mwaka wake uende kurasa za mwisho, mara nyingi faharasa iko pale. Kwenye ukurasa mara nyingi utakuta saa aliyozaliwa, umri wa wazazi, mashahidi, na babu na bibi wa pande zote mbili, yaani karatasi moja vizazi vitatu! Soma na pembeni, wakati mwingine wameandika aliolewa na nani.

Ukishawajua hao wazee tafuta vyeti vyao vya ndoa, rudi nyuma hivohivo. Usajili wa serikali ulianza 1859, kabla ya hapo ni vitabu vya parokia tu. Ila kwa waliozaliwa 1926 mpaka 1929 ubatizo unasumbua, ibada za hadharani zilisimama kwenye ule mgogoro wa serikali na Kanisa, watoto wakabatizwa kwa siri majumbani, so angalia na miaka ya mbele. Sensa ya 1930 nayo ipo FamilySearch, sema sehemu kubwa ya Mexico City haipo.

Na kama alivukia Marekani, tafuta kadi za mpakani za El Paso na Laredo, nyingi zinataja alikozaliwa na ndugu aliyemwacha nyumbani.