Umejiajiri? Anza kupanga wiki kwa saa za kupumzika

Ndugu zangu mafundi cherehani, wapishi wa oda na wauzaji wa mtandaoni hapa Mombasa, mkipanga wiki andikeni kwanza saa ambazo hamfanyi kazi. Kujiajiri hakuna kengele ya kufunga. Mteja akizoea kujibiwa saa tano usiku, ataendelea kupiga saa tano usiku, na watoto wako wanakuona mgongo tu.

Joto la hapa nalo lisikilizwe, hasa Januari hadi Machi. Kazi inayotaka akili iliyotulia ifanye alfajiri mpaka saa nne. Mchana jibu jumbe, fungasha oda. Ijumaa usiahidi kupeleka mzigo kati ya saa sita na saa nane, wengi wako msikitini.

Safari ndizo zinazokula wiki. Oda za Likoni zipe siku yake, uvuke feri mara moja na mizigo yote. Soko la Kongowea vivyo hivyo: nunua vya wiki nzima. Mteja ukimwambia mapema "Likoni ni Jumatano", huwa anakubali bila shida.

Kila Jumatatu, kabla ya kufungua, pitia taarifa ya M-Pesa na utenge pesa ya stoki mbali na ya nyumbani. Kama uko kwenye kodi ya mauzo (turnover tax) ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ritani, yaani taarifa ya kodi, hutakiwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata; hesabu zikiwa tayari, ni kazi ya muda mfupi.