Somo: Kuijaribu modeli inayobashiri umbo la kalibu ya pini

Kalibu ya pini ni kitanda cha vijiti vya chuma vinavyopanda na kushuka, na juu yake hutandazwa shuka nene la mpira ili uso utoke laini. Ukibadilisha urefu wa pini unapata umbo jipya bila kuchonga kalibu nyingine. Kwa atelye za Lubumbashi zinazopokea oda ya vipande viwili vya faiba (nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini) leo na vitatu vya umbo tofauti kesho, hilo ni jambo kubwa.

Shida ni mpira. Unazama katikati ya pini, unainuka juu ya vichwa vyake, na kingoni una tabia yake. Hesabu ya elementi finiti, yaani ya kompyuta inayogawa mpira katika vipande vidogo vingi, inaweza kuonyesha hayo yote, lakini hesabu moja huenda ikachukua saa nzima, nawe unahitaji mamia. Ndiyo maana tunafundisha modeli mbadala ibashiri matokeo kwa haraka. Kuijenga si kazi ngumu siku hizi. Naomba tukae kwenye kuijaribu, kwa kuwa modeli isiyojaribiwa vizuri inaharibu resini ya mtu.

Hatua ya 1. Andika kosa unaloweza kuvumilia kabla ya kuwasha kompyuta. Tuseme mm 1. Liandike kwenye karatasi, usilibadilishe baada ya kuona matokeo.

Hatua ya 2. Usiingize urefu wa pini zote 64 za kalibu ya 8 kwa 8. Eleza umbo kwa namba chache: mpindo wa upande huu, mpindo wa upande ule, msokoto, kina, unene wa mpira. Hivyo ni vigezo 5, na mazoea ni kuanza na hesabu mara 10 ya idadi ya vigezo, yaani 50. Zisambaze kwa mpangilio wa haipakyubu ya Kilatini, uliotolewa mwaka 1979, ili kila kigezo kiguswe kuanzia chini hadi juu. Hifadhi matokeo kila hesabu inapoisha, umeme wetu mnaujua.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi wanajidanganya. Kila umbo unalipima katika nukta 400, hivyo maumbo 50 yanakupa mistari 20,000. Ukichanganya mistari hiyo na kutenga sehemu yake kwa bahati nasibu, nukta ya majaribio itakuwa na jirani yake wa sentimita chache ndani ya data ya mafunzo. Modeli haitabashiri chochote, itanakili kwa jirani, nawe utafurahi bure. Una maumbo 50, huna ushahidi 20,000. Tenga maumbo mazima: 40 ya kufundishia, 10 ya kujaribia, na hayo 10 yafungie hadi mwisho. Ukitaka kurekebisha modeli njiani, gawanya yale 40 katika mafungu 5 na uyazungushe: fundisha kwa manne, jaribu kwa moja, kila fungu kwa zamu.

Hatua ya 4. Weka mshindani mjinga. Chora uso unaounganisha tu vichwa vya pini, bila kujali mpira. Modeli ikishindwa kuupita kwa tofauti ya maana, itupe.

Hatua ya 5. Usitegemee R mraba peke yake, ile alama inayokaribia 1 kadiri ubashiri unavyofuata vipimo. Kama uso unatawanyika kwa mm 10 na kosa la kawaida ni mm 1, R mraba inatoka 0.99, nawe tayari umefika ukingoni mwa ulichoandika kwenye karatasi. Tazama kosa kubwa kabisa la kila umbo na mahali lilipo. Likiwa kingoni kila mara, unahitaji data zaidi ya kingoni.

Hatua ya 6. Mwisho, pima kwa mkono. Panga pini, subiri mpira utulie, pitisha saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachoonyesha tofauti ndogo za kimo) juu ya uso wa mpira. Fanya hivyo asubuhi ya baridi ya Julai na tena mchana wa Oktoba, kwa kuwa mpira hubadilika ugumu kwa joto.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi niko Kolwezi. Nitumie mtandao wa neva au krigingi?*
Kwa maumbo 50, krigingi, ndugu yangu, yaani njia ya kukadiria pasipopimwa kutokana na palipopimwa. Imezaliwa kwenye migodi kama yetu: Danie Krige alikuwa akikadiria dhahabu ya Witwatersrand kutoka visima vichache, tasnifu yake ni ya 1951, kisha Mfaransa Georges Matheron akaijengea hisabati. Inakuambia pia pale isipojiamini.

*Yangu inatoa kosa la sifuri kwenye data ya mafunzo. Ni nzuri?*
Krigingi ya kawaida hupita juu ya kila nukta iliyofundishwa, kwa hiyo sifuri hiyo haisemi lolote, dada. Nenda kwenye maumbo uliyoyafungia.

*Mwalimu, nitajuaje kama ule ukanda wa asilimia 95 ambao krigingi inauchora kuzunguka ubashiri wake ni wa kweli?*
Hesabu. Tuseme umetenga maumbo 20 ya majaribio badala ya 10: kama 19 yaangukie ndani ya ukanda. Yakiwa 12, modeli inajiamini kupita kiasi. Yakiwa yote 20 na ukanda ni mpana kuliko kile kipimo cha hatua ya 1, hauna faida kwako: ongeza hesabu pale ukanda unapopanuka zaidi, ufundishe upya, kisha ujaribu kwa maumbo mengine mapya.