Taa ya breki imegoma kuzima? Anzia hapa kabla hujanunua spea

Ingia kwenye gari, zungusha ufunguo mpaka ON ila usipige stata, halafu angalia dashibodi. Taa nyekundu ya breki na ile ya njano ya ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukikanyaga breki kwa nguvu) zote zinatakiwa ziwake, ABS ijizime baada ya sekunde chache, nyekundu izime ukishawasha injini na kushusha hendibreki. Kama kuna moja haikuwaka kabisa, kwa gari ya mkononi hiyo mimi inanitisha kuliko taa inayowaka muda wote, maana kuna watu wanachomoa balbu ili gari iuzike na ugonjwa unabaki humo humo ndani.

Sasa rangi. ABS ya njano ikiwaka peke yake breki za kawaida bado unazo, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi tairi zinaweza kujifunga. Nyekundu inahusu breki zenyewe. Zikiwaka zote mbili pamoja paki gari, kwa sababu hata ule mfumo unaogawa nguvu kati ya breki za mbele na za nyuma unaweza kuwa umekufa, tairi za nyuma zikatangulia kujifunga na gari ikageuka. Na pedali ikiwa inazama au imekuwa laini kama sponji, gari isitoke hapo ilipo, rangi yoyote ile.

Tuanze na nyekundu. Chini ya mkono wa hendibreki kuna kaswichi kadogo kenye kapini, mkono ukishuka mpaka mwisho kapini kanabonyezwa na taa inazima. Gari ikishazeeka kebo inakaza, mkono unabaki umenyanyuka kidogo tu, wewe unaona umeshusha kumbe bado. Ukandamize chini kwa kiganja, taa ikizima umeshapata jibu.

Haikuzima? Fungua boneti uangalie kopo la mafuta ya breki, lina mistari ya MIN na MAX. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, wanaona yamepungua wanaongeza, taa inazima, wanaondoka na furaha. Jamani, mafuta ya breki hayaungui kama petroli, yakipungua ni ama pedi zimeisha kwa hiyo pistoni zinazozisukuma zimetoka nje zaidi na mafuta yamezifuata, ama yanavuja. Toa tairi uone pedi, mpya inakuwa na nyama kama milimita 10 hivi, ikibaki 3 badilisha. Ukiongeza mafuta wakati pedi zimeisha, siku ya kufunga mpya pistoni zikisukumwa ndani yatafurika kopo na yakigusa rangi ya gari yanaibabua. Kama pedi ni nzima basi kuna mvujo, angalia upande wa ndani wa kila tairi kama kuna unyevu, ndani ya dramu za nyuma, na pale masta silinda (pampu ya breki) inapokutana na busta (lile duara kubwa linaloongezea mguu nguvu). Aina ya mafuta imeandikwa kwenye mfuniko, mara nyingi DOT 3 au DOT 4, usichanganye na DOT 5 na usithubutu kuweka oili ya injini, raba zote zitavimba.

Kuna dalili moja naipenda sana: taa inawaka ukikata kona, ukinyooka inazima. Hiyo ni mafuta yako karibu na MIN, yanaegemea upande mmoja na boya la ndani ya kopo linashuka. Lakini kopo likiwa limejaa na taa bado ipo, gonga kopo taratibu na mpini wa bisibisi, boya huwa linanasa kwenye uchafu. Ikigoma, chomoa soketi ya kopo, kwenye magari mengi taa ikizima hapo basi boya limekufa.

Nyekundu ikiwaka pamoja na taa ya betri usihangaike na breki kwanza, pima betri injini ikiwa inaunguruma, kama volti hazifiki 13.5 hadi 14.5 mshuku alteneta. Kwenye baadhi ya gari za Kijapani za zamani hizo taa mbili zinawaka pamoja kwa sababu hiyo.

Njano ya ABS ndiyo inayokula hela za watu bure. Kile kimashine cha bei rahisi cha kusomea hitilafu za gari mara nyingi kinasoma injini tu, kodi (namba za hitilafu) za ABS huanza na herufi C, tafuta kinachozisoma. Toyota nyingi za zamani unaweza bila mashine: swichi ikiwa OFF unganisha kwa waya tundu namba 4 (CG) na 13 (TC) kwenye plagi ya chini ya usukani, kisha weka ON uhesabu taa inavyopepesa. Tatu, inapumzika, mbili, hiyo ni 32, senza (kifaa kinachosoma mzunguko wa tairi) ya mbele kushoto. 31 ni mbele kulia, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Kuwa makini sana na matundu, namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Ukishajua tairi gani, usikimbilie kununua senza. Mimi nilishanunua, nikaifunga, taa ikabaki vile vile, kuja kuangalia kwa tochi yale meno ya chuma yanayosomwa na senza yalikuwa yamejaa kutu na moja limevunjika. Kwa hiyo safisha kichwa cha senza kwanza, sumaku yake inakusanya unga wa chuma, fuata waya mpaka mwisho maana huwa unakatika pale unapojikunja tairi ikikata kona, halafu shika tairi juu na chini uitikise, beringi ikicheza senza inasoma ovyo.

Ukimaliza, futa kodi kisha endesha taratibu sehemu ya wazi isiyo na watu, magari mengine taa ya ABS haizimi mpaka yatembee kidogo.