Kinga ya Moto Kijijini Ianze Juni, Isingoje Septemba

Katika vijiji vya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mufindi na Kilolo hadi Njombe na Makete, mvua zikishakatika mwezi Mei nyasi huanza kunyauka, na ikifika Septemba shamba la misindano lisilohudumiwa huwa limejaa majani makavu yanayoweza kuwaka kwa cheche moja. Huo ndio wakati wakulima wengi wanapochoma mabaki ya mazao ili wawahi mvua za kwanza, na ndiyo maana mara nyingi moto unaoteketeza miti na nyumba huanzia kwa jirani mwema aliyekuwa akiandaa shamba la mahindi.

Juni na mwanzo wa Julai, nyasi zikiwa bado na ubichi, wanakijiji wanaweza kusafisha ukanda wa mpakani kwa jembe, au kuuchoma kwa utaratibu jioni upepo unapotulia. Kazi hiyohiyo ikifanywa Septemba saa nane mchana huwa ndiyo chanzo cha balaa lenyewe. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka mtu apate kibali kabla ya kuchoma uoto nje ya eneo la makazi yake. Naomba wakulima wasikione kibali hicho kuwa usumbufu, kwani kinawapa viongozi wa kijiji nafasi ya kuwaarifu majirani, kupata watu wa kutosha na kuahirisha kazi siku yenye upepo.

Barabara ya moto, yaani ukanda huo wa mpakani unaozuia moto kuvuka, haikamiliki kwa kufyeka tu. Chini ya misindano iliyokomaa, majani yaliyodondoka hujipanga tabaka juu ya tabaka. Ya juu yamekauka, ya chini yameshikana kama mkeka, na moto unaweza kutambaa ndani yake bila kuonyesha mwali, ukaibukia upande wa pili. Kwa hiyo ukanda ukwanguliwe mpaka udongo uonekane, na takataka zitolewe nje, zisirundikwe kandokando. Majirani wawili wakitoa mita 5 kila mmoja, hupata ukanda wa mita 10 bila yeyote kupoteza ardhi nyingi. Miti ya pembezoni ipogolewe matawi ya chini ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia kileleni.

Ugumu mkubwa, kwa maoni yangu, uko kwenye mashamba ambayo wenyewe wanaishi mjini. Mtu hupanda ekari 20 za misindano, akaondoka, na majani yakaota hadi kifuani huku waliopakana naye wakihangaika kila kiangazi. Halmashauri ya kijiji, baada ya kupata maoni ya mkutano mkuu wa kijiji, inaweza kutunga na kupeleka wilayani kwa idhini sheria ndogo inayomlazimu kila mwenye shamba kuwa na msimamizi anayefahamika, ambaye namba yake ya simu iko kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kulipia usafi wa mpaka wake asipojitokeza siku ya kazi ya pamoja. Bila hilo, jitihada za wengine zina pengo.

Nyumbani, adui mkubwa ni cheche zinazorushwa na upepo. Kuni na nyasi za malisho ziwekwe mbali na ukuta, majani yaliyonasa kwenye mifereji ya bati yaondolewe, na nyumba iliyo juu ya mteremko isafishiwe eneo kubwa zaidi upande wa chini, kwa sababu moto hukimbia zaidi unapopanda. Nyumba za nyasi zitunziwe mapipa ya maji yaliyojaa wakati wote wa kiangazi. Mabomba ya mgongoni ya kupulizia dawa yanafaa sana kuzimia moto mdogo, mradi yawe yameoshwa vizuri. Kijiji kikubaliane pia mlio mmoja wa kuitana, kama ringi ya gari iliyoning'inizwa shuleni, na watu wajue mapema nani atawahamisha wazee na watoto. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Moto ukishazimwa, watu wasitawanyike wote. Visiki na samadi kavu huendelea kufukuta kwa siku kadhaa, kisha upepo wa mchana huvipuliza upya. Wabaki walinzi wachache wenye majembe, wapite mpakani asubuhi na adhuhuri, wakisogeza nyuma ya kiganja karibu na kila kisiki, na penye joto pafukuliwe na kumwagiwa maji hadi papoe.