"Inaendaje" haitoshi, mwambie akuonyeshe

Kwa wanaosimamia vijana wanaoandika programu za kompyuta: asubuhi, badala ya "kazi inaendaje?", muulize mtu mmoja mmoja, "Tangu jana, wapi pamekula muda wako zaidi? Hebu nionyeshe." Nimeanza wiki hii, ofisini kwetu Kijitonyama. "Inaendaje" kwetu ni salamu, na salamu hujibiwa "nzuri" hata mtu akiwa na homa. Kijana aliyeajiriwa juzi anaona aibu kumwambia mkubwa wake kwamba amekwama. Swali hili halimuulizi kama amekwama. Kila kazi ina sehemu inayokula muda, kwa hiyo anajibu bila woga, na hiyo "nionyeshe" inawaleta nyote wawili kwenye skrini. Jumanne mdogo wetu mmoja alinifungulia logi (kumbukumbu za yanayotokea kwenye mfumo): taarifa ya malipo ya simu ilikuwa inaingia mara mbili kwa muamala uleule, na oda inaandikwa mara mbili. Alihangaika nayo siku mbili nzima, na kila asubuhi alikuwa ananijibu "iko poa, kaka". Akaweka ukaguzi wa namba ya muamala kabla ya oda kuandikwa, ikaisha kabla ya chai ya saa nne.

Swali hili halifanyi kazi mbele ya watu, wala kwenye grupu la WhatsApp. Hapo utarudishiwa "poa" ileile. Na ukinyakua kibodi ukamalizia mwenyewe, kesho hakuonyeshi kitu. Vuta kiti ukae pembeni yake, yeye ndiye aandike.